Walichookota Kuku wa Mugunga

Magoti yangu yamekataa kupanda na kushuka juu ya mawe ya volkano, na munganga wa kuku asiyeweza kuchuchumaa hana kazi. Ndiyo sababu nimewaachia ninyi vijana thermosi ya chanjo, sindano ya kushonea, wembe na kitunga. Mliniomba niwaachie na maandishi. Maandishi ya vyeo sina: nilianza nikiitwa munganga wa kuku na nimemaliza nikiitwa hivyo hivyo. Nitaandika juu ya kuku wanaojitafutia, na juu ya watu walioishi nao, kwa sababu sijawahi kuweza kutenganisha hayo mawili.

Baba yetu alifariki, na mwaka uliofuata mama akamfuata. Nilikuwa mkubwa kati ya watoto wanne na nilikuwa katika mwaka wa pili wa sekondari. Jumatatu moja nilifua shati langu jeupe na sketi ya bluu, nikampa mdogo wangu Zawadi avipunguze vimtoshe, halafu nikatoka kutafuta kazi. Wadogo zangu waliniita Yaya, kama watu wa kwetu wanavyomwita mkubwa wao. Mpaka leo nikisikia jina hilo barabarani nageuka, hata kama anaitwa mwingine.

Pale Mabanga, mtaa wetu wa Goma, alikuwako Muzee Kambale, mtu wa Butembo aliyewahi kufanya kazi ya mifugo kwa serikali na ambaye sasa alitibu kuku wa mtaa. Alihitaji mtu wa kumbebea kitunga.

"Unajua kuku?" aliniuliza.

"Ninajua kuwapika, Muzee."

"Basi uko mbele ya wale wa chuo. Wao hata kupika hawajui."

Nilidhani angenionyesha dawa. Badala yake alininyooshea kidole kuku mwekundu wa jirani. "Umufate ule mpaka saa sita. Ukirudi utaniambia amekula nini."

"Akiingia kwa watu?"

"Na weye ingia. Kuku hapigi hodi."

Nilimfuata. Tulipita nyuma ya choo, juu ya ukuta wa mawe, kando ya jiko la nje, ndani ya majivu, mpaka kwenye jalala. Mara ya tatu tulipopita mlangoni kwake, mwenye kuku alinizuia.

"Weye mutoto, juu ya nini unafata kuku yangu tangu asubuhi?"

"Naangalia vile anakula, mama."

"Wezi wote wanaanzaka na kuangalia."

Saa sita nilimwambia Muzee kwamba kuku amekula majani, wadudu na mabaki ya bugali. Aliniuliza ni wadudu gani, aliwatoa wapi, alichakura mara ngapi kabla ya kumpata mmoja. Sikujua. Akanirudisha kesho yake, na keshokutwa, mpaka yule mama akazoea, akawa ananiachia kiti. Mnaoanza kazi sasa mnapewa mafunzo ya siku tatu ndani ya chumba, na chai katikati. Siwaonei wivu.

Niliyojifunza ni haya. Kuku huchakura kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, hurudi nyuma hatua moja, halafu hutazama kwa jicho moja. Ile hatua ya kurudi nyuma ndiyo elimu yake yote. Kwanza huokota kinachotikisika, kisha kinachong'aa, kisha kile alichomwona mwenzake akikiokota. Goma haina udongo wa kutosha, kwa hiyo kuku wetu hujitafutia ndani ya nyufa za mawe, mahali ambapo maji ya mvua yamekusanya vumbi na vumbi limeotesha majani mawili matatu. Hufanya kazi sana asubuhi, na tena jioni kabla ya kurudi. Katikati ya mchana hulala kivulini mwa ukuta, na mtu anayekuja saa saba kuwapima atadhani ni wagonjwa. Mahali walipopata kitu mara moja watarudi mara kumi.

"Usimuulize mutu kuku yake anakula nini," Muzee aliniambia. "Atakuambia kile anamupa. Kile anaokota, hakijui."

Jioni alinifundisha kumshika kuku chini ya shingo, pale kwenye kifuko kinachohifadhi chakula kabla hakijateremka kwenye firigisi. Kuku aliyeshiba ana kifuko laini, unasikia punje zikicheza chini ya kidole. Mwenye njaa hana kitu pale, ni ngozi tu. Vidole vyangu vilijua hayo kabla kichwa changu hakijakubali.

Mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka wakaujaza mji, kuku walitoweka Mabanga. Wengine waliliwa, wengine walifichwa. Mimi na Muzee tulichanja kuku chini ya vitanda, tumelala kifudifudi, thermosi katikati yetu. Halafu vita vikaja, vikaondoka, vikarudi. Tuliona watu wakikimbia na kuku waliofungwa miguu pamoja, vichwa chini. Mama mmoja alikuwa ameacha sufuria zote na kubeba jogoo na tetea. Mume wake alipomgombeza, alimjibu bila kusimama: "Sufuria hazizalake."

Muzee Kambale alirudi kwao Butembo macho yalipopungua. Aliniachia vifaa na hakuniachia neno lolote la kuaga, isipokuwa kwamba mfuniko wa thermosi haukazi vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo la Mugunga, maana ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Shirika moja lilinichukua kuzunguka katika kambi za waliohama, kwanza Mugunga na baadaye sana Kanyaruchinya. Watu walikuwa wametoka Masisi na Rutshuru na kuku wachache mikononi. Shida yao ya kwanza ilikuwa kwamba kuku hawakujua nyumba mpya. Turubai zote zilikuwa na rangi moja. Kuku alitoka asubuhi, jioni akaingia kwa mtu mwingine, na hapo ugomvi ukaanza.

Kwetu Mabanga, kuku aliyenunuliwa anafungwa mguu siku tatu kwa kamba ya mgomba, mpaka azoee mahali. Lakini kule Mugunga kila jani la mgomba lilikuwa limekwisha kuwa paa au moto. Kilichokuwepo kwa wingi ni magunia ya unga wa msaada, yale meupe ya plastiki. Nilikaa chini kati ya akina mama wa bloki moja, nikafumua ukingo wa gunia, nikasuka nyuzi tatu, nikafunga fundo langu linalozunguka mara mbili ili lisikaze mguu.

"Tazameni, Yaya anasuka kuku nywele," mmoja alisema, na wote wakacheka. Walikuwa wamelisikia jina hilo kwa Zawadi, aliyenifuata siku moja na chakula. Lakini waliniiga, na mwisho wa asubuhi kila kuku wa bloki ile alikuwa amefungwa kwa kamba nyeupe. Niliondoka nimefurahi, nikiahidi kurudi siku ya tatu tuwafungue. Niliporudi zilikuwa zimepita wiki tatu, kwa sababu barabara ya Sake, inayopita Mugunga, ilifungwa.

Nilikuta watu wengi mbele ya makazi ya Muzee Anselmi. Alikuwa mzee aliyefika kambini peke yake, kutoka kilima ambacho hakuna mwingine wa bloki aliyetoka. Alianika majani ya dawa mbele ya mlango wake, na hilo peke yake lilitosha watu kumtazama kwa upande. Sasa alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono magotini. Mbele yake alisimama Mama Esperance, mwanamke wa Masisi, na kuku aliyekufa mkononi.

"Ni yeye," alisema. "Kuku zangu zinaingiaka kwake. Zikitoka, zinakufa. Hii ni ya tatu."

Kuku wa wengine nao walikuwa wamekufa. Wote kwa namna moja: anasimama mahali pamoja, shingo inavimba, hali kitu, siku ya nne anaanguka. Watu waliogopa kuwala, wakawatupa chooni, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewapasua. Neno lililokuwa midomoni mwa wote ni sumu. Mnajua neno hilo linavyotembea kwetu. Halihitaji miguu.

Mama Esperance hakuwa mtu mbaya. Binti yake alikuwa amezaa kwa kupasuliwa, amelala ndani ya turubai hana nguvu, na mayai ya kuku wale wanne ndiyo yalikuwa chakula chake cha kurudisha damu. Sasa alibaki na kuku mmoja.

Muzee Anselmi alisema, "Kabla hawajafungwa, walikuwa wanalala chini ya kitanda changu. Niliwatupia pumba ili watoke. Sasa wakifunguliwa tu, wanakuja kuuliza pumba."

"Unasikia?" Mama Esperance alisema. "Anasema yeye mwenyewe kama aliwapa kitu."

Shefu wa bloki, Papa Justin, alinivuta pembeni. Alikuwa mtu mpole aliyechoshwa na mambo ya watu. "Muzee ataondoka leo," alisema. "Ni vizuri aondoke na miguu yake. Wakiamka na hasira kesho, sitaweza kuwashika."

"Nani amesema ni yeye?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Wote."

Kuondoka kwenye bloki kulikuwa na maana ya kuacha turubai na kadi ya chakula. Ulikuwa msimu wa mvua. Mtu wa umri ule, bila paa na bila mgao, na sifa ya sumu ikimtangulia kwenye kila bloki nyingine, hangefika mwisho wa mwezi. Papa Justin alilijua hilo. Ndiyo maana hakunitazama usoni.

Nilimwomba Mama Esperance yule kuku aliyekufa. Nilimshika chini ya shingo. Kifuko kilikuwa kimejaa, kigumu, kama mpira wa watoto ule wanaoufunga kwa matambara na kamba. Nilikibonyeza, nikasikia kitu kikikwaruza chini ya kidole, na hapo nilijua. Sikuwa nimetoa wembe bado.

Kuku aliyefungwa mguu ana duara la hatua nne. Siku ya kwanza anamaliza kila mdudu na kila jani ndani ya duara lile. Siku ya pili anachakura mawe matupu. Siku ya tatu anatazama kwa jicho moja, na kitu pekee kinachotikisika mbele yake, cheupe, chembamba, kikicheza kwa upepo kama funza, ni ncha ya kamba yake mwenyewe. Nilikuwa nimemfuata kuku mwekundu wa Mabanga asubuhi ngapi ili nije kusahau hilo? Na siku tatu zilizokuwa zimetosha Mabanga, akina mama walikuwa wameziongeza zikawa wiki, kwa sababu waliniamini, na kwa sababu sikurudi kuwaambia wafungue. Kila walipowafungua kidogo watembee, kuku walikwenda moja kwa moja kwenye pumba za Muzee, na tumboni nafasi ya pumba haikuwepo tena.

Nitasema ukweli wote. Nilifikiri kusema tu, "Si sumu, kuku amezibwa kifuko," na kunyamaza juu ya kilichomziba. Nilikuwa mgeni katika shirika lile. Mtoto wa Zawadi alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari, na nyumba nzima ilikula kwa kazi yangu. Muzee angeweza kubaki, nami ningeweza kubaki. Lakini nilitazama, na miguuni mwa kuku waliobaki niliziona zile kamba nyeupe, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa mstari wa turubai.

Nilimlaza kuku juu ya gunia mbele ya wote, nikamkata. Nilivuta uzi, ukaja na mwingine, na mwingine. Nyuzi nyeupe zilizofungamana, na ndani yake majani machache yaliyooza na pumba ambazo hazikupata njia. Mwishoni kilitoka kipande kilichosukwa bado, chenye fundo linalozunguka mara mbili.

Walilitambua fundo. Walikuwa wamelifunga wenyewe.

"Nani aliwafundisha kufunga kuku kwa nyuzi za gunia?" niliuliza.

Niliinua lile fundo juu walione, nikajijibu.

"Ni mimi. Muzee huyu hakuua kuku hata mmoja. Pumba zake ndizo chakula pekee walichopata. Kama kuna mutu wa kutoka hapa leo, ni miye, na miye niko na pa kwenda."

Papa Justin alinisogelea. "Yaya, sema polepole, watu wanasikia."

"Ndiyo maana nasema kwa nguvu."

Nyuma ya watu mama mmoja alisema, "Kumbe munganga wa kuku ndiye anamalizaka kuku." Wengine wakacheka, kicheko kile cha mtu aliyeshusha mzigo. Maneno hayo yalinifuata Mugunga miaka mingi.

Mama Esperance hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na kuku wake wa mwisho. Shingo ilikuwa imevimba tayari.

"Huyu atakufa?"

"Labda. Nikimwacha, atakufa hakika."

"Basi mukate."

Vijana, hapa msikilize vizuri. Chemsha maji na chumvi, uyaache yapoe. Nyofoa manyoya pale juu ya kifuko tu. Mtu ashike mabawa na miguu, asikaze kifua, kuku anapumua kwa kifua. Kata ngozi upana wa vidole viwili, kisha kifuko chenyewe, kidogo zaidi. Toa kila kitu kwa kidole, osha ndani. Shona kifuko peke yake kwanza, ngozi peke yake baadaye. Ukivishona pamoja vitashikana, na kuku hatameza tena. Siku mbili mpe uji mwepesi tu. Ndivyo nilivyofanya siku ile. Aliyeshika mabawa alikuwa Mama Esperance. Muzee Anselmi alisimama nyuma yetu akitukinga jua kwa kofia yake, na hakuna aliyemwambia aondoke, wala aliyemshukuru.

Tulizunguka bloki nzima tukikata kamba. Tangu siku ile nimefundisha hivi: kuku mgeni awekwe chini ya kitunga, si kwenye kamba, atolewe jioni, ikibaki saa moja tu jua lizame, maana saa hiyo kuku hataki kwenda mbali. Kama ni lazima kufunga, tumia ukanda wa kitenge kilichochakaa, uhamishe kijiti ulichomfungia kila asubuhi ili apate ardhi mpya, na siku ya tatu ufungue hata kama mwenyewe anakataa. Shirika lilinipumzisha kwa muda, kisha likaniita tena, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyetaka kwenda Mugunga kwenye matope.

Papa Justin alitangaza kwamba Muzee Anselmi anabaki. Lakini kutangaza ni jambo moja. Siku ya nne nilirudi kwa miguu, bila ruhusa ya mtu, kutazama mshono wa yule kuku. Muzee alikuwa amekaa juu ya jiwe lake. Makazi yake yalikuwa karibu na bomba, na kabla ya mambo yale akina mama waliokuwa kwenye foleni walizoea kumwomba kikombe cha maji kutoka kwenye mtungi wake, kwa kuwa maji yake yalikuwa yamepoa. Foleni ilikuwa ndefu siku ile, jua kali, na hakuna aliyemwomba. Walikuwa wanamsalimu vizuri sana. Kwetu mtu akikupa kinywaji huonja kwanza mbele yako ili ujue hakuna kitu ndani. Kwa Muzee hata huko kuonja hakukutosha tena. Mtungi ulikuwa umejaa, na kikombe kimefunikwa juu yake.

Mama Esperance alitoka kwake na kuku kwapani. Nilimpima kuku pale pale. Mshono ulikuwa mkavu, na kifuko laini. Alinisikiliza, akaitika, halafu akapita mbele ya foleni yote mpaka kwenye lile jiwe.

"Muzee, iko maji?"

Muzee Anselmi alimtazama. Akafunua kikombe, akachota, akakiinua mdomoni mwake ili aonje.

Mama Esperance alikichukua mkononi mwa Muzee kabla hakijafika midomoni. Akanywa mpaka mwisho, taratibu, akiwa amewageukia wenye bidoni za maji. Kisha akakirudisha.

"Ongeza," alisema. "Kuku pia iko na kiu."

Muzee alichota tena, akajaza mpaka maji yakamwagika juu ya jiwe. Kuku alikunywa, akainua shingo, akanywa tena. Na yule mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akaweka bidoni yake chini, akaja kusimama nyuma ya Mama Esperance kungoja kikombe.